Filamu ya makala katika darasa la historia: wanafunzi wangu wanajifunza, au wanacheza na kamera?

SWALI: "Mimi ni mhadhiri msaidizi wa historia katika chuo kimoja hapa Tabora. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu 64 wa mwaka wa pili kazi ya kutengeneza filamu fupi kuhusu historia ya mkoa huu badala ya insha ya muhula. Walifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Nilipokea filamu nane zenye muziki mkubwa na picha za kupendeza, lakini nyingi zilirudia mambo yaleyale yaliyojaa mitandaoni. Kundi moja lilimwuliza mzee mmoja wa hapa mjini, mbele ya kamera, kama babu yake alikuwa mtumwa. Mzee akainuka akaondoka, na kipande hicho kikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mkuu wangu wa idara anasema hii ni kazi ya wanahabari, nirudi kwenye insha. Sina kamera, sina bajeti, na sijui hata namna ya kuisahihisha kazi ya aina hii kwa haki. Je, niendelee au niache?"

JIBU: Mwalimu mwenzangu, barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la taaluma: uliwatuma wanafunzi wakafanye kazi ya mwanahistoria, nao wakakuletea burudani. La pili ni la ofisi: utaitetea vipi kazi hii mbele ya mkuu wa idara, na utaisahihisha vipi bila kumwonea mtu. La tatu ni la yule mzee, nalo ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia mwishoni, kwa sababu halimaliziki kwa maandishi. Jibu langu ni kwamba uendelee, ila ubadilishe mahali unapouweka uzito wa kazi yenyewe.

Wengi wetu tunapoanza kufundisha kwa filamu ya makala, au dokumentari kama wanafunzi wanavyopenda kuiita, hudhani kwamba mafunzo yanapatikana pale kijana anaposhika kamera na kwenda uwandani. Ndiyo maana tunahangaikia vifaa. Kwa niliyoyaona, siku za kurekodi ndizo zenye mafunzo machache kuliko zote. Kijana hujifunza kuvumilia jua na kubisha hodi kwa adabu, basi. Historia yenyewe hufundishika kabla ya hapo, anapoandika mswada, na baada ya hapo, anapokata na kuunga. Chukua filamu ya dakika saba. Msimulizi asiyekimbia husoma maneno kama 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo hata asipopumzika kabisa hafikishi maneno 900, na filamu njema humnyamazisha karibu nusu ya muda. Mwanafunzi aliyezoea insha ya maneno 3,000 anajikuta hana nafasi ya kuzunguka. Zaidi ya hayo, kila sentensi anayoiandika inamdai jambo ambalo insha haikuwahi kumdai: mtazamaji atakuwa anaona nini wakati anaisikia? Kwenye insha anaweza kuandika kwamba biashara ya misafara ilibadili maisha ya Wanyamwezi, akaweka nukta na kuendelea. Kwenye filamu sentensi hiyo inakwama palepale. Maisha ya nani, mwaka gani, na tunayaona katika nini? Kijana analazimika kurudi maktaba, na huko ndiko ulikotaka aende tangu mwanzo.

Watengeneza filamu za makala wana desturi ya kuandika mswada katika safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Mimi huwataka wanafunzi wachore safu ya tatu, niliyoipa jina la ushahidi, na kundi lolote haliendi kurekodi kabla safu hiyo haijajaa. Kila mstari wa simulizi na kila picha inayopangwa lazima iwe na maelezo yake pale pembeni: tumelijua hili kutoka kwa nani, alilisema au aliliandika lini, alikuwa na sababu gani ya kulieleza hivyo, na ni nani anayelieleza vingine. Mtazamaji hataiona safu hii, lakini ndiyo kozi yako. Ninaamini filamu zako nane zilikosa kitu hiki, na wala si kosa la wanafunzi; hakuna aliyewaambia kwamba picha nayo hudaiwa ushahidi kama sentensi inavyodaiwa.

Nikupe mfano wa karibu. Kundi moja lilitaka kusimulia safari ya wapagazi kutoka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora hii yetu, hadi pwani, likapata mtandaoni picha ya kuvutia ya wanaume waliojipanga mstari wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Katika safu ya tatu waliandika neno moja tu, "mtandao". Niliwarudisha. Baada ya siku nne walikuja wamenywea, kwa sababu walikuwa wamefuatilia maelezo ya asili ya picha ile wakakuta ilipigwa Kongo, miongo kadhaa baada ya mambo waliyokuwa wakiyasimulia. Walitaka kuifuta na kutafuta nyingine. Niliwaambia wana njia tatu za haki: waitumie lakini waandike kwenye kioo mahali na wakati ilipopigwa, au waiache, warekodi njia ilivyo leo bila kuifanya ionekane ya zamani, au wakiri katika simulizi kwamba picha ya watu hao hawakuipata, na waeleze kwa nini. Walichagua ya tatu. Matokeo yake yalikuwa sekunde ishirini za njia tupu yenye vumbi jekundu, huku msimulizi akieleza ni nani aliyekuwa na kamera katika nchi hii karne ya 19, aliielekeza wapi, na mpagazi wa kawaida alionekana kwake kama nini. Nimesahihisha insha nyingi juu ya upungufu wa vyanzo vya kikoloni ambazo hazikufika pale zilipofika sekunde hizo ishirini.

Kuhusu picha, waelekeze mahali penye maelezo. Mkusanyiko mkubwa wa picha za makoloni ya Ujerumani umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Frankfurt na unapatikana mtandaoni. Za miaka ya uhuru ziko Idara ya Habari, Maelezo. Na maandishi ya tawala zote mbili za kikoloni yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wafundishe kuyasoma maelezo ya picha kwa tahadhari ileile wanayoisomea barua ya bwana mkubwa wa wilaya, kwa sababu mara nyingi aliyeandika maelezo siye aliyesimama mbele ya kamera, wala hakumwuliza jina.

Mahali pa pili panapofundishika historia ni kwenye uhariri, na hapa naomba univumilie nikae kidogo. Mzee mmoja aliwasimulia wanafunzi wangu kifo cha Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe, Wajerumani walipoivunja ngome yake Januari 1893. Alisema Isike aliwasha baruti akajilipua ili asikamatwe. Akanyamaza kidogo, akatazama chini, kisha akaongeza kwamba ndivyo alivyosimuliwa na baba yake, ingawa wapo wanaosema alikutwa bado anapumua, Wajerumani wakamnyonga. Kijana aliyekuwa akihariri alikata mara baada ya neno "akajilipua", akaweka mlio wa ngoma. Nilikaa naye, nikamwomba anichezee vipande vyote viwili, kilichobaki na kilichotupwa. Kilichotupwa kilikuwa na sekunde tisa. Ndani ya sekunde hizo tisa mzee alikuwa ametaja chanzo chake, ametaja simulizi inayopingana na yake, na ametenganisha alichosikia na alichoshuhudia. Yaani mzee alifanya kazi ya mwanahistoria, na mwanafunzi wa historia akaifuta, akabakiza mlipuko.

Hili halitokani na uvivu. Uhariri una mvuto wake wenyewe: sentensi yenye uhakika hukatika vizuri, sentensi yenye shaka hurefuka na kupoteza mwendo, na mtazamaji hawezi kuona kilichokatwa kama msomaji anavyoweza kufuatilia tanbihi. Kwa hiyo masimulizi yaliyoingia kwenye filamu yakiwa na tahadhari hutoka yakiwa amri. Dawa niliyoiona ikifaa ni kulitaka kila kundi liwe na daftari la vilivyokatwa, ambamo wanaandika kila sehemu ya mahojiano waliyoiacha na sababu ya kuiacha. Sababu ya urefu inakubalika, na pia kwamba msemaji alitoka nje ya mada. Kama sababu pekee ni kwamba kipande kinapunguza uzito wa hoja yetu, basi kipande hicho kinarudishwa.

Wanafunzi wako wajue pia kwamba filamu haikufika Tanganyika kama chombo kisicho na upande. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, ukiwa na makao yake Vugiri, karibu na Korogwe. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, ili filamu ileile iweze kuzungushwa na kuonyeshwa kwa lugha tofauti. Moja ya visa vyake ilikuwa ya mtu anayefukia fedha zake na kuibiwa, akilinganishwa na mwenzake anayeziweka akiba posta. Fikiria maana ya mpango huo: aliyeonekana hakusikika, na aliyesikika hakuonekana. Kila nikimwona mwanafunzi anamzima mzee sauti ili msimulizi mwenye Kiswahili cha redio aseme juu ya uso wake, humkumbusha Vugiri, na humwuliza ni kwa nini maneno ya mzee mwenyewe hayakutosha. Wakati mwingine ana jibu zuri, na hapo namwacha.

Sasa tuje kwa mkuu wako wa idara. Ana hoja, nawe usiidharau. Filamu iliyokabidhiwa peke yake, bila jalada la kazi iliyoizaa, haiwezi kupimwa kama kazi ya historia, na kama ndicho alichokiona mwaka jana alikuwa na haki ya kutilia shaka. Mpelekee mswada wa safu tatu na daftari la vilivyokatwa, halafu mzungumze upya. Mkumbushe pia kwamba kuwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza wakakusanye vyanzo vya awali si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, na karatasi walizoziandika bado zinatumiwa na watafiti. Hao walikwenda na daftari na kalamu, na wako watakwenda na simu, ila uzito wa kuuliza vizuri na kuandika kwa uaminifu ni uleule.

Lakini usimwahidi kwamba filamu itachukua nafasi ya insha, kwa sababu haitaweza. Filamu ni dhaifu mno katika mambo ya takwimu, katika kufuatilia sababu za muda mrefu, na katika kupambanisha hoja za wanahistoria wawili wasiokubaliana. Mwanafunzi akitaka kueleza jinsi bei ya pembe za ndovu ilivyohusiana na nguvu za watemi, mwache aandike. Nguvu ya filamu iko kwenye mahali, kwenye sauti ya mtu, kwenye kazi ya mikono na kwenye kumbukumbu inayobishaniwa. Kubali pia gharama yake. Ukiifanya kazi hii kwa ukamilifu utapunguza mada za muhula, na mimi binafsi nilikubali kuacha karibu robo ya mada zangu. Kama mtaala wako hauna nafasi hiyo, ni afadhali uahirishe kuliko kuifanya nusunusu.

Uchaguzi wa mada ndio utakaoamua nusu ya mafanikio. Usiwape "historia ya Tabora". Wape mada ndogo yenye mahali pa kusimama, watu wa kuwauliza na jambo lenye ubishi. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958 ni mfano ninaoupenda. Swali lililokuwa mezani lilikuwa kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, au kiususie. Nyerere alitetea kushiriki, hoja ikapita, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuunda chama chake. Leo tunauita uamuzi wa busara, na jina hilo lenyewe ni mada: nani aliyeuita hivyo, tangu lini, na siku ile ukumbini busara ilionekana iko upande gani? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule anakaribia 90 sasa. Kazi hii haiwezi kungoja bajeti.

Wanafunzi wako wakifika Kigoma watataka kwenda Ujiji kuigiza Stanley na Livingstone wakipeana mikono. Wazuie wasianze na kuigiza; waanze na tarehe. Stanley aliandika 10 Novemba 1871, ilhali hesabu ya siku katika kumbukumbu za Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba, na wanaume hao walikuwa wameugua kiasi cha kupotewa na siku. Ile salamu maarufu haimo katika maandishi ya Livingstone, na kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu tukio lenyewe zimechanwa. Kijana akishayajua hayo, hamu ya kuigiza inapungua na maswali yanaongezeka, kwa mfano kwa nini Susi, mtumishi wa Livingstone aliyemkimbilia Stanley kabla ya bwana wake, hukaa pembeni ya picha katika kila usimulizi.

Sisemi maigizo yote yapigwe marufuku. Kundi lile la wapagazi lilinifundisha jambo. Waliwahi kusoma kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wakafunga mfuko wa mahindi wa uzito huo, mmoja wao akajitwika begani na kutoka nao Kwihara kuelekea mjini, mwenzake akitembea kando yake na kinasa sauti. Hawakuvaa mavazi ya kale wala kujipaka vumbi, na kwenye kioo waliandika kwamba hili ni jaribio la siku hiyo. Sauti ya pumzi zake ilijaza dakika nzima. Aliutua mzigo, akahamisha bega, akautua tena. Jaribio hilo halithibitishi lolote kuhusu mwaka 1857, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipochukua siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, lakini liliwarudisha vijana vitabuni wakiwa na maswali yao wenyewe: mpagazi alilipwa merikani, ile nguo ya pamba, kiasi gani, posho ilitoka wapi, aliyeugua njiani alifanywa nini, na nyimbo zilikuwa za furaha au za kupanga hatua.

Vifaa visikutishe. Simu ya kawaida ya mwanafunzi inatosha kwa picha, alimradi ilazwe, isimamishwe kwenye stendi au hata juu ya matofali, na mtandao wake uzimwe wakati wa kurekodi. Fedha kidogo uliyo nayo inunue maikrofoni ya kubana shatini, kwa sababu mtazamaji huvumilia picha yenye giza lakini hukata tamaa na sauti isiyosikika, na upepo wetu wa kiangazi hauna huruma. Mwanzoni mwa kila mahojiano itajwe tarehe, mahali na majina ya waliopo. Mwishoni wanyamaze wote nusu dakika warekodi utulivu wa mahali pale, kwani utawafaa kwenye kuunga sauti. Rekodi halisi isiguswe, ibaki katika nakala tatu, moja ikiwa chuoni. Pia wapangie muda wa kunukuu: saa moja ya mazungumzo huchukua si chini ya saa nne au tano kuandikwa neno kwa neno, na ikiwa ni Kinyamwezi au Kiha kinachotafsiriwa, muda huongezeka sana. Makundi mengi huanguka hapo. Mpe kila mzee nafasi ya kusema kwa lugha anayoiotea ndoto, na tafsiri ipite kwenye maandishi chini ya picha.

Kwa darasa la watu 64 na mwalimu mmoja, mimi nisingeanza na filamu kamili. Muhula wa kwanza wape kazi ya picha kumi zisizotembea na sauti ya dakika tano, kwa safu tatu zilezile. Inafundisha takriban kila kitu filamu inachofundisha, inahaririwa kwenye kompyuta dhaifu, na inakuonyesha mapema nani ana subira. Muhula wa pili, au mwaka unaofuata, makundi ya watu wanane yaende kwenye filamu ya dakika saba. Ukiona hata hiyo ni nzito, wape filamu ya mtu mwingine waijazie safu ya tatu. Ni zoezi la wiki mbili lenye faida kubwa kuliko linavyoonekana.

Kuhusu alama, kama chuo chako kina zile 40 za kazi za muhula, ningetoa 15 kwa jalada la ushahidi, 10 kwa mswada, na 5 tu kwa filamu iliyokamilika, ili mwenye simu ya bei asimpite mwenye kichwa. Kumi zilizobaki ni za mahojiano ya mdomo ya mwanafunzi mmoja mmoja. Unafungua filamu ya kundi lake, unaisimamisha popote upendapo, unamwuliza: tumelijuaje hili? Dakika tano zinatosha kumtambua aliyefanya kazi na aliyebebwa, na malalamiko ya kundi hupungua sana.

Vibali usivifanyie kazi kwa simu. Nenda na barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na wa mtaa au kijiji, kabla ya mwanafunzi yeyote kunyanyua kamera. Mwone ofisa utamaduni akueleze matakwa ya Bodi ya Filamu, hasa kama mnakusudia kuonyesha kazi hadharani. Tembe la Kwihara na kumbukumbu ya Ujiji ni maeneo ya malikale, yana wahifadhi wake. Kituo cha reli na bandari vina taratibu zao, majengo ya jeshi na polisi yasiguswe kabisa, na ndege isiyo na rubani hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Habari za wakimbizi walio kambini Kigoma nakushauri usiwape wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na ushuhuda wa mtu aliyekimbia mauaji unahitaji mhojaji aliyefunzwa na mshauri nasaha aliye karibu, kwa ajili ya anayesimulia na kwa ajili ya kijana anayesikiliza.

Hapo ndipo ninapomrudia yule mzee. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, yaani wapo watu mjini kwetu na Ujiji ambao babu zao walizaliwa katika hali hiyo, na wanaishi mtaa mmoja na wajukuu wa waliowamiliki. Wanajuana. Ndoa zimefungwa na nyingine zimevunjwa kwa ajili ya jambo hilo. Swali lile lilimtaka mzee aamue, mbele ya lenzi na vijana asiowajua, kama atakana ukoo wake au atauanika. Kuondoka kwake kulikuwa jibu, na jibu hilo halikupaswa kutoka nje ya chumba kile. Ridhaa ya kurekodiwa si ridhaa ya kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda, na hata isingekuwepo sheria, adabu ingetosha.

Wiki hii waite wanafunzi wa kundi lile, kila mmoja afute kipande hicho kwenye simu yake na aandike ujumbe wa kuomba kiondolewe katika kila kundi alilokituma. Zungumza na mwanasheria wa chuo ana kwa ana, umweleze yote bila kupunguza, na mkuu wako wa idara ajue kutoka kwako kabla hajasikia kwingine. Kisha tafuta mtu mzima anayeheshimika katika mtaa ule, shehe, padri au jirani wa siku nyingi, akuongoze hadi kwa mzee. Nenda wewe mwenyewe kwanza, bila wanafunzi, simu ikiwa imezimwa. Beba sukari na majani ya chai kama mtu aendaye kumjulia hali mkubwa wake, wala usiyafanye malipo ya kusamehewa. Mweleze kilichotokea, kilikofika, na ulichofanya kukirudisha. Mwulize kama angependa vijana waje kumwomba radhi au angependa wasije kabisa, na lolote atakalolichagua ulifuate. Akitaka kunyamaza juu ya babu yake, jina lake liondolewe kwenye majalada yote ya darasa. Na akianza kusimulia mwenyewe, msikilize mpaka amalize, hata kama ni hadi magharibi, bila kuandika.